Coq au vin: kwa nini mapishi yake yanapingana, na jinsi ya kuchagua lako

Ukikusanya mapishi matano ya coq au vin, jogoo wa Kifaransa anayepikwa kwa mvinyo, utaona yanapingana karibu kila hatua. Moja linataka saa 3 motoni, jingine dakika 40. Moja ni mvinyo mwekundu na unga, jingine mvinyo mweupe na krimu, la tatu linaomba damu ya jogoo mwenyewe. Anayeanza huokota hatua hapa na hatua pale, mwishowe anapata nyama iliyochambuka kwenye mchuzi mkali wa rangi ya zambarau, na hajui kosa liko wapi.

Mapishi hayo yote yanaweza kuwa sahihi. Kila moja limejibu maswali mawili: ndege ana umri gani, na mvinyo ni wa aina gani. Majibu hayo mawili yanategemeana, na ndiyo yanayoamua muda wa kupika, kitu cha kuzitisha mchuzi, hata uyoga utakaotumia. Ile hadithi kwamba Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale, walimpelekea Julius Kaisari jogoo naye akawarudishia amepikwa kwa mvinyo, tuiache, haina ushahidi. Mapishi yenyewe yanatoka kwa wakulima waliokuwa na jogoo mzee asiye na kazi tena na mvinyo wa eneo lao, na kwa kuwa kila eneo la Ufaransa lina mvinyo wake, kila eneo likapata jogoo wake.

Ndege

Jogoo wa kupandisha huishi mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla ya kuchinjwa. Misuli yake imefanya kazi muda wote huo, kwa hiyo imejaa kolajeni iliyokomaa, ile tishu ngumu inayofunga nyama na kuishikiza kwenye mfupa. Kolajeni huanza kuachia kwenye nyuzi joto 70 hivi, lakini polepole mno. Kati ya 85 na 95 inayeyuka vizuri, ila inahitaji saa kadhaa. Ikishayeyuka inakuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoufanya mchuzi unate midomoni. Uzito wa coq au vin ya kweli unatoka humo kwanza, unga ni msaidizi.

Broila wa wiki sita hana hazina hiyo. Kolajeni yake ni kidogo na changa, inayeyuka mapema, na baada ya hapo kila dakika ya ziada ni hasara: nyama inakaza, inatoa maji yake, kisha inaachana vipande vipande. Ndiyo maana pishi la saa 3 lililoandikwa kwa jogoo humharibu broila, na pishi la dakika 40 lililoandikwa kwa broila humwacha jogoo mgumu asiyetafunika.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi nzuri hapa. Jogoo mzee ambaye Mfaransa wa mjini lazima amwagize kwa muuza nyama, sokoni kwetu unamchagua akiwa hai. Jogoo wa kienyeji aliyevuka mwaka mpe saa 2 na nusu hadi 3. Wa miezi sita hadi minane, mwenye kucha fupi za nyuma ya mguu na kifupa laini cha kidari, saa 1 na nusu inamtosha. Kuku wa mayai aliyeacha kutaga anafaa pia kwa saa 2 hivi, lakini ana mafuta mengi, itabidi uyaengue. Ukiwa na broila tu, nunua mapaja matupu: dakika 40 zinatosha. Ukimtumia mzima, vidari viingie dakika 20 za mwisho. Usiamini saa peke yake. Choma paja kwa uma, uuzungushe: ukizunguka bila kuinua kipande, nyama imeiva.

Mvinyo

Toleo linalojulikana zaidi ni la Bourgogne, eneo la mvinyo la Ufaransa, na mvinyo mwekundu wa Bourgogne unatokana na zabibu za Pinot Noir: asidi ya kutosha, na kidogo tanini, ile inayokausha ulimi kama chai iliyokolea. Sababu ya kuufaa mchuzi ni hesabu nyepesi. Mchuzi ukipungua kwa nusu, kila kisichogeuka mvuke kinakolea maradufu. Asidi inakolea, tanini inakolea, sukari na chumvi vilevile. Mvinyo mzito wa Cabernet Sauvignon uliokaa kwenye pipa jipya la mwaloni ni mtamu ukinywewa na nyama choma, lakini ukiupunguza kwenye sufuria unaacha uchungu mkavu unaokwaruza ulimi.

Hapa ndipo maswali mawili yanapokutana. Tanini hushikana na protini, na mchuzi uliojaa jelatini unainyamazisha tanini kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo jogoo mzee anaweza kubeba mvinyo wenye nguvu, na kuku mchanga hawezi, kwa sababu mchuzi wake hauna cha kuushika ule ukali. Ukiwa na broila na chupa ya mvinyo mkali, tafuta mvinyo mwingine, au chemsha mchuzi wako kwanza kwa miguu, shingo na mabawa ya kuku hadi upoapo ugande. Miguu ya kuku ni jelatini ya bei nafuu kuliko zote.

Sukari ndiyo mtego mkubwa madukani kwetu. Mvinyo mwekundu mwingi wa bei ya chini ni mtamu, na mtamu ukipungua kwa nusu unakuwa sharubati. Angalia lebo, itafute ile iliyoandikwa "dry" au "sec". Dodoma wanatengeneza pia mvinyo mwekundu mkavu, ukiwemo wa zabibu za Makutupora, na unafaa kazi hii mradi uuonje kwanza. Usioweza kuunywa usiupikie. Lakini ule wa bei kubwa usiupikie pia. Kuna toleo linaloitwa coq au Chambertin, kwa jina la shamba mojawapo ghali la Bourgogne, na kumwaga chupa ya aina hiyo motoni ni kupoteza: harufu zinazolipiwa pesa zote hizo zinatoka na mvuke dakika za mwanzo.

Jambo moja la sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini tupu, na asidi ya mvinyo kwa saa 3 inaila alumini: mchuzi unapata ladha ya chuma na rangi inafifia kuelekea kijivu. Tumia chuma cha pua chenye kitako kinene au chuma kizito kilichopakwa enameli. Hata kuloweka nyama kufanyike kwenye bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa.

Bourgogne, hatua kwa hatua

Kwa watu sita: jogoo wa kilo 2.5 aliyekatwa vipande 8 hadi 10 pamoja na mifupa yake, mvinyo mwekundu mkavu mililita 750, supu ya kuku isiyo na chumvi mililita 400, kitunguu maji kikubwa 1, karoti 2, bua 1 la selari, punje 4 za kitunguu saumu, kijiko 1 cha chakula cha nyanya ya kopo, bekoni gramu 150, vitunguu vidogo 24, uyoga gramu 250, na siagi. Majani ni taimu matawi matatu, mabua ya pasili, na majani mawili makavu ya loreli, vyote vifungwe pamoja kwa uzi.

Chemsha mvinyo pamoja na kitunguu, karoti, selari na majani kwa dakika 5 hadi 8, kisha uupooze kabisa. Pombe mbichi huivisha uso wa nyama na kuacha ladha ya ukali, ndiyo maana mvinyo unachemshwa kwanza. Ukishapoa, tumbukiza nyama na uweke kwenye friji saa 12 hadi 24. Usivuke hapo, kwa sababu asidi inaanza kuufanya uso wa nyama kuwa wa ungaunga. Wala usitarajie mvinyo ufike mfupani, unaingia milimita chache tu. Kuloweka kunasaidia rangi na harufu. Ulaini unaletwa na moto na muda.

Kinachofuata ndicho wengi wanakiharakisha, na kinawagharimu. Toa vipande, uvikaushe kwa kitambaa safi hadi kitambaa kisilowe tena. Ngozi yenye maji haipandi juu ya nyuzi joto 100 mpaka maji yaishe, na rangi ya kahawia inahitaji 140 na zaidi. Ngozi mbichi iliyolowa mvinyo ukiiweka kwenye mafuta itachemka, itabaki na rangi ya zambarau iliyopauka, na rangi hiyo haitaondoka hata upike siku nzima. Kaanga bekoni taratibu itoe mafuta, iondoe, kisha kaanga kuku kwenye mafuta hayo vipande vitatu au vinne kwa wakati, dakika 4 hadi 5 kila upande. Ukijaza sufuria, joto linashuka na umerudi kwenye kuchemsha. Kitako cha sufuria kinapaswa kubaki na utando wa kahawia iliyokolea. Ukianza kuwa mweusi, punguza moto mara moja, maana ukiungua uchungu wake utakaa kwenye mchuzi mpaka mwisho.

Toa kuku, weka mboga zilizochujwa zikaangike dakika 8, ongeza saumu na nyanya, geuza dakika 1. Wapishi wengine hapa humwagia konyaki, pombe kali ya zabibu, mililita 60 na kuiwasha moto. Ukitaka, zima jiko kwanza, mimina kutoka kwenye kikombe, kamwe si kutoka kwenye chupa, washa kwa njiti ndefu na usiiname juu ya sufuria. Ladha inayoongezwa na konyaki yenyewe ni nzuri. Miali ya moto inaongeza kidogo sana, na asiyetaka kuhatarisha nyusi zake aiache ichemke tu.

Mimina mvinyo uliolowekea, kwangua utando wote wa chini kwa mwiko wa mbao, uchemke na upungue kwa theluthi. Mvinyo huo umekaa na nyama mbichi, kwa hiyo uchemke kwelikweli, na povu la kijivu linalopanda uliengue. Rudisha kuku, ongeza supu hadi vipande vikaribie kufunikwa, funika, kisha shusha moto. Oveni ya nyuzi joto 150 ndiyo rahisi zaidi kuidhibiti. Kwenye jiko la mkaa, sogeza makaa pembeni na yaliyobaki yafunike kwa majivu. Unachotaka kuona ni mapovu machache yanayopanda moja moja. Sufuria ikichemka kwa fujo, mafuta yanachanganyika na mchuzi na kuutia ukungu, na nyuzi za nyama zinakauka kabla kolajeni haijayeyuka.

Vitunguu vidogo na uyoga vipikwe pembeni. Vikiingia mwanzoni na kukaa saa 3, vitunguu vinayeyuka na uyoga haupati rangi. Chovya vitunguu kwenye maji yanayochemka dakika 1 ili vimenyeke kirahisi, viweke kwenye kikaango na siagi gramu 20, chumvi, sukari kiasi cha ncha ya kijiko, na maji yanayofika nusu ya urefu wao. Pika dakika 10 hadi 15 mpaka maji yakauke na siagi ianze kuvipaka rangi. Uyoga uingie kwenye kikaango cha moto mkali, usirundikane, na chumvi uiweke mwisho: ukiitia mapema uyoga unatoa maji na hautapata rangi.

Kuku akiiva, mtoe, chuja mchuzi, engua mafuta, uchemshe ubakie nusu lita hivi. Ponda gramu 25 za siagi laini na gramu 25 za unga wa ngano kwa uma, kisha ingiza vidonge vidogo kwenye mchuzi unaotokota huku ukipiga kwa mchapo. Uendelee kutokota dakika 5 ili unga usisikike mbichi. Mapishi mengine hunyunyizia unga mwanzoni, juu ya nyama inayokaangwa. Kwa broila wa dakika 40 ni sawa kabisa. Kwa jogoo wa saa 3 mwisho ni bora, kwa sababu mchuzi wenye unga hushika chini na mafuta yake hayaenguliki. Kipimo: mchuzi ufunike mgongo wa kijiko, na mstari unaochorwa kwa kidole usijifunge.

Chumvi uiweke sasa tu. Bekoni ina chumvi yake, na vidonge vya supu vya dukani vikipungua kwa nusu vinaharibu kila kitu. Ukiona mchuzi ni mchachu, nusu kijiko cha chai cha sukari na siagi baridi gramu 30 vitaulainisha. Kuuchemsha zaidi kutauzidisha uchachu.

Damu, au ini

Pishi la zamani la kijijini halikuzitishwa kwa unga. Damu ya jogoo ilikingwa wakati wa kuchinja, ikachanganywa na kijiko cha siki isigande, na ikaingizwa mwishoni kabisa. Inazitisha mchuzi kama kiini cha yai kinavyofanya, na inaupa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Lazima mchuzi uwe umeshatolewa motoni, kwa sababu damu ikifika mchemko inagawanyika kuwa punje. Wengi wa wasomaji wetu hawali damu kwa sababu za dini, na mbadala mzuri upo huko huko Ufaransa: saga ini la jogoo bichi na kijiko cha siagi, lipitishe kwenye chujio, ulikoroge kwenye mchuzi juu ya moto mdogo sana kwa dakika chache hadi uwekundu ukatike, bila kuuacha uchemke.

Alsace: mweupe na krimu

Ukivuka kwenda mashariki hadi Alsace, mpakani na Ujerumani, mantiki yote inageuka. Coq au Riesling hutumia mvinyo mweupe mkavu usio na tanini ya kuhangaikia, kwa hiyo ndege mchanga anafaa, halowekwi, na mchuzi unazitishwa kwa krimu. Kuku akaangwe kwenye siagi hadi dhahabu nyepesi tu; utando wa kahawia iliyokolea utaichafua rangi ya mchuzi. Kaanga vitunguu vidogo vya shaloti viwili au vitatu bila kuviunguza, mimina Riesling mililita 400, acha upungue kwa nusu, ndipo uongeze supu mililita 200 na kuku.

Krimu mililita 200 iingie mwisho, na iwe na mafuta asilimia 30 au zaidi. Krimu nyepesi au maziwa yakikutana na asidi ya Riesling yanakatika, na yakikatika hayarudi. Uyoga mweupe, pasili iliyokatwa, tambi pana zenye mayai pembeni. Kwa anayetumia broila, hili ndilo toleo ningemshauri aanze nalo, kabla ya kupambana na mvinyo mwekundu.

Jura: vin jaune na morili

Toleo la Jura, eneo la milima karibu na Uswisi, ndilo la pekee kuliko yote. Vin jaune, yaani mvinyo wa njano, hutokana na zabibu za Savagnin, hukaa kwenye pipa lisilojazwa tena kwa angalau miaka 6 na miezi 3 baada ya mavuno, chini ya utando wa hamira unaouzuia usigeuke siki. Huuzwa kwenye chupa yake ya mililita 620. Harufu yake ni ya karanga za jozi na viungo vya mchuzi, na kampaundi inayoibeba, sotoloni, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye uwatu. Anayejua harufu ya uwatu ukikaangwa ataitambua mara moja.

Kwa kuwa mvinyo huu ni ghali, tumia mililita 250 tu, supu ijaze pengo, na ubakize vijiko viwili vya kumwagia mwishoni ili harufu isiishie hewani. Uyoga wake ni morili, wenye kofia ya mashimo kama sega la nyuki. Mkavu, gramu 30 zinatosha: uloweke dakika 30 kwenye maji ya vuguvugu, uuoshe mashimo yake yenye mchanga, na yale maji uyapitishe kwenye kitambaa kabla ya kuyatia kwenye mchuzi. Morili mbichi ina sumu. Ipikwe daima, hata ikiwa ya kukausha. Krimu mililita 300, na kuku wa Bresse kama unaishi Ulaya na mfuko unaruhusu: manyoya meupe, upanga mwekundu kichwani, miguu ya buluu, na jina linalolindwa kisheria tangu 1957. Pasipo na vin jaune, sheri kavu aina ya fino, mvinyo wa Hispania, inasogea karibu, kwa kuwa nayo hukomaa chini ya utando wa hamira.

Matoleo mengine yanahitaji maneno machache. Coq au violet ni wa Beaujolais mpya, ule mvinyo wa Gamay unaotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Ni mwepesi, una harufu ya matunda, unamfaa kuku mchanga na upikwe upesi. Coq au Champagne ni ndugu wa yule wa Alsace, na mapovu yake yanaisha kwenye sufuria, kwa hiyo mvinyo mweupe mkavu usio na mapovu unafanya kazi ileile kwa bei ndogo.

Pombe, nguruwe na presha kuka

Si kweli kwamba pombe yote inaisha ikipikwa. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha baada ya dakika 30 za kutokota hubaki karibu asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, baada ya saa 1 asilimia 25, na baada ya saa 2 na nusu bado asilimia 5. Asiyetumia pombe kwa imani au kwa afya aambiwe wazi mezani, asipewe kwa maneno ya "imeshavukizwa". Bekoni ni rahisi zaidi kuiacha: bekoni ya ng'ombe au nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi inaleta moshi na chumvi, ongeza tu kijiko cha mafuta au siagi kwa sababu haina mafuta ya kutosha kukaangia.

Presha kuka inamlainisha jogoo wa saa 3 kwa dakika 45 hadi 50, na inaokoa gesi au mkaa. Ila mvuke hautoki, hivyo mvinyo lazima upunguzwe kwa nusu kabla ya kufunika, supu iwe mililita 250 tu, na mchuzi umaliziwe wazi baada ya kufungua. Subiri presha ishuke yenyewe. Ukiiachia kwa ghafla, sufuria inachemka kwa nguvu ndani na nyama inayokaribia kuachia mfupa inachanika.

Ukipata nafasi, pika leo ule kesho. Mchuzi ukilala kwenye friji mafuta yanaganda juu na unayatoa kwa kijiko. Upashe moto kwa kutokota taratibu hadi vipande viwe moto katikati, na vitunguu na uyoga viingie dakika 10 za mwisho. Toleo la krimu nalo linalala vizuri, lakini lipashwe kwa moto mdogo bila kuchemka, na kama umelizitisha kwa kiini cha yai, liliwe siku hiyohiyo.